Moto wa Ndani ya Kinywa

Ghala la Magodoro,
Al-Sulay, Riyadh.
6 Aprili 2014

Mpendwa nyanya yangu, Dani Rosebellah,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Kifua chako kinasemaje? Unapata usingizi, au bado unaketi kitandani mpaka jogoo wa jirani awike? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nimenenepa kidogo kwa wali, na dada yangu Hannah akikusomea hapa asicheke.

Dani, Hannah alinipigia simu akanieleza aliyoyasema daktari wa Kisumu, kwamba mapafu yako yamechoka na usipoacha sigara huenda usiumalize mwaka. Halafu akaniambia jibu lako: "Nitaacha siku Victor atakapoacha. Siwezi kumwacha mtoto peke yake na moto ugenini." Nililia, Dani. Kisha nikacheka, maana wewe na ukaidi ni chanda na pete.

Ni kweli nilikuwa navuta, tena kwa mtindo ulionifundisha, upande wa moto ukiwa ndani ya kinywa. Hapa langoni ninapolinda, upepo wa mchanga huzima sigara za wenzangu, yangu inabaki. Madereva walikuwa wakinizunguka kuniangalia kama mchawi. Jioni, jua likiwa jekundu ndani ya vumbi, nilikuwa nafumba macho na ule ujoto juu ya ulimi, na mara niko jikoni kwako. Samaki wanakauka juu ya meko, wewe na jirani yako marehemu Mama Priscilla mnapokezana kipande kimoja cha sigara, mkisikiliza mvua. Sikuwa nafuata tumbaku. Nilikuwa nakufuata wewe.

Kuacha huku si kazi ndogo. Sigara ndiyo salamu. Dereva akifika na lori, kabla hajaonyesha karatasi anakupa moja, na ukiikataa umemkataa yeye. Zacharia, mwenzangu wa chumba, alinionya, "Bro, ukianza kukataa fegi za watu hapa, utabaki solo."

Basi nikatumia adabu yetu ya nyumbani. Mzee mmoja dereva kutoka Yemen aliponipa yake, niliipokea kwa mikono miwili, nikaiweka juu ya sikio, sikuiwasha. Akakunja uso. Nikamweleza kwa Kiarabu changu cha kuokoteza kwamba nyanya yangu anaumwa, na ataacha siku nitakapoacha mimi. Akaiponda ya kwake chini ya kiatu. "Kwa ajili ya jadda yako, nyanya yako? Halas, yamekwisha." Siku hizi ananiletea tende, na wengine hunipa sigara huku wakiniuliza jadda anaendeleaje. Nazipokea zote. Anayefaidi ni Zacharia.

Juzi niliota niko kwako. Hapakuwa na moshi, kinywa changu kilikuwa baridi, nikakutafuta jikoni nisikuone. Niliogopa sana. Halafu nikakusikia nje ukiimba, kifua chepesi, kama zamani ulipokuwa ukienda kuchota maji. Niliamka na hamu ya kuvuta, nikanywa chai.

Nisalimie Hannah, mjomba Timothy, na binti yangu Maryann. Mwambie baba yake atarudi ikama yake, kile kibali cha kukaa huku, ikiisha, na akukute umeketi mlangoni. Mungu akupe pumzi ndefu.

Mimi nimeshauzima moto wangu, Dani. Sasa ni mimi niliye peke yangu ugenini, bila moto. Usiniache. Zima na wewe.

Mjukuu wako akupendaye na kukungoja,
Victor