Baiskeli Uliyomwahidi Kila Mtu

Ni mwaka mmoja sasa, Pedeli wetu, kama tulivyokuita, tangu uegemeze baiskeli ukutani, useme unajilaza kidogo, na usiamke tena. Homa ndogo tu! Wewe uliyeishi na kisukari tangu utotoni, ukapanda milima ya mashindano na glukosi mfukoni, homa ikakuchukua siku ya mapumziko. Daktari alitueleza, tukaitikia kwa vichwa. Mpaka leo hatujaelewa.

Tunakumbuka cherehani yako pale dirishani na kaptura za mbio ulizowashonea wenzako, maana za dukani, ulisema, zimeshonwa na mtu asiyewahi kuona nyonga. Tunakumbuka ulivyojidunga sindano ukimtania baba kwamba yeye ndiye anayefumba macho. Na zile chupa za rangi ya kucha kwenye kopo la nyuzi! Kucha zako hazikuwahi kupakwa rangi. Hatukuuliza.

Mama alikupinga, hilo halifichiki. "Kisukari na mashindano wapi na wapi?" Hata hivyo kila mbio alisimama kando ya barabara na chupa yako ya maji ya sukari, akikuombea na kukugombeza kwa pumzi moja. Ukimwambia, "Siku moja na wewe utapanda, mama," anasonya.

Ila ulituachia kizungumkuti. Machozi hayajakauka, akaja msusi, mwenzako wa timu ya baiskeli: "Dada aliniambia hii baiskeli ni yangu." Kesho yake mwalimu wa chekechea, hivyo hivyo. Kisha muuza mboga, nao wote wa timu hiyo hiyo. Wale si waongo, na wewe hukuwa kigeugeu. Baba akabaki kuuliza, "Sasa huyu mtoto alimwahidi nani?" Tukaifungia stoo. Timu yako ya wanawake, uliyoianzisha kwa kubembeleza nyumba hadi nyumba, ikaanza kusambaratika, maana watu wanaotazamana kwa jicho la pembeni hawawezi kukingiana upepo barabarani. Hilo lilituuma kuliko yote.

Wiki iliyopita baba aliitoa aipanguse kwa ajili ya siku hii. Alipovuta kiti juu, akatuita kwa kelele. Bomba la kiti lilikuwa na mistari ya rangi ya kucha. Tukawaita wale watatu. Kiti kikifungwa kwenye mstari mwekundu, miguu ya msusi inafika sawasawa kwenye pedeli. Wa zambarau, mwalimu. Wa kijani, muuza mboga. Ulimpima kila mmoja. Wakatazamana, wakacheka kwa aibu.

Ukabaki mstari wa pinki, wa kiti kilichoshushwa kabisa, cha mtu mfupi kuliko wote.

Mama alikuwa mlangoni. "Msinitazame mimi." Tukamtazama. Ndipo akakumbuka siku uliyomkalisha juu ya baiskeli ukidai unakaza breki. Akapanda, wale watatu wakamshikilia. Miguu ikafika. Akacheka, akalia, kisha akauliza, "Breki yenyewe ni ipi?"

Unakumbukwa na baba. Na mama, ambaye bado anaogopa kona. Na mimi kaka yako ninayeandika haya. Na wanawake wa timu yako, wanaoipanda sasa kwa zamu. Kwa nini uliondoka, bado hatuelewi. Ila baiskeli tumeielewa.

Daima tutakukumbuka, kila kiti kinapopanda na kushuka.