Mafuta ya macho ya Laodikia

Hapana, maman si kipofu. Bado! Na hiyo "bado" ndiyo imenibakisha hapa kwake Laeken hii Jumapili ya mvua, pahali ya kuwa sokoni Midi nikiuzisha parfum yangu, ati "ya Paris".

Bon. Tonton Justin wa groupe yetu ya maombi alienda Uturuki, kuangalia mabomoko ya Laodikia, ule muji wa mu Ufunuo. Akarudia na tuboîte, tukopo tudogo: mafuta ya macho, ati ya kule kule. Kwetu, mafuta ikishaombewa, haiulizwake. Unapokea na mikono mbili, unasema amen.

Maman alipokea na mikono mbili. Tangu Jumatatu, matone ya docteur, ya tension, ile presha ya macho, amefungia mu sac, anapaka ile mafuta tu. Docteur alisema: kenye ile tension inakamata ku macho, hairudishake tena.

Miye nikaangalia kifuniko. Naijua.

Ni miye niliuzisha Tonton zile boîte, sokoni, carton muzima, zikiwa tupu. Mbele apande avion ya Uturuki! Nikamutania: "Tonton, unafungua pharmacie?" Akacheka mingi. Kupita kipimo ya utani wangu, na utani wangu naujua.

Labda muntu mwenye kuenda kuchota anabebaka chombo. Labda. Lakini nimenusa: inanuka dawa ya mafua.

Nikafungua Biblia, miye mwenye niliacha masomo mu darasa ya ine. Kumbe Bwana aliambia watu wa Laodikia: muko vipofu, mukuje kwangu mupate dawa ya macho. Ya kwangu, alors, si ile munatengeneza mu muji yenu! Na mu barua ya Paulo muko maman Nimfa, wa upande ule ule, alitoa nyumba yake ikuwe kanisa. Nilisoma mara mbili. Sikuona pahali aliuzisha hata sabuni.

Leo nikajikaza: "Maman, ile boîte ilitoka kwangu."

"Alors ubarikiwe, mutoto yangu! Mungu alipitia hata kwako, mwongo wangu."

Nilicheka. Kisha nikaenda kulia mu douche.

Nani ataniamini, miye wa parfum?

Donc wewe mwenye kusoma, kama maman yako pia alipokea ile mafuta, tupatane. Mama hasikilizake mutoto wake, anasikiliza wa mwenzake. Niandikie hapa chini: miye napigia wako simu, wewe unapigia wangu. Matone ni asubui na mangaribi. Mwambie Mungu ndiye alituma docteur. Akikuuliza unasali wapi, taja kanisa yoyote. Ile uongo, weka ku kichwa yangu.