Minazi ya Bi Mwanapili Imehamia kwa Baba

Mama Kanze mpendwa, shikamoo. Nina jambo limenikaa kooni na sina wa kumwambia ila wewe. Mimi nafanya kazi ya mkataba kwenye mradi wa kuchora ramani za mashamba huku Kwale, na zamani idadi ya miti ya kila shamba tulikuwa tukiiandika kwa mkono kwenye jedwali la kompyuta, mtu akisahihisha mpaka wa shamba, idadi inabaki ile ya zamani, basi mwaka huu wa 1998 nikaongeza safu inayojihesabu yenyewe, ukisogeza mpaka wa shamba kwenye ramani, minazi iliyomo ndani inahesabiwa papo hapo, na ofisi nzima wakanisifu, nami nikavimba kichwa nikachapisha orodha bila kuipitia, ikabandikwa ukutani kwa chifu.

Jirani yetu Bi Mwanapili akaenda kusomewa orodha hiyo. Jina lake lilikuwa na sifuri, na la baba yangu, mzee Nzau, lilikuwa na minazi ishirini na saba, na yote ni ya Bi Mwanapili, ilipandwa na marehemu mumewe kabla sisi hatujaletwa huku kutoka Ukambani na kugawiwa lile shamba, na miaka yote amekuwa akija kuangua nazi zake kwetu bila neno. Mama alipolazwa Msambweni miezi minne, huyu ndiye aliyelala nasi na kutusuka nywele za shule. Sasa haji tena, nazi zinaanguka zinaota majani, na baba nikimwuliza anasema, "Kompyuta imeshasema, mimi ni nani nipinge?" Orodha itapigwa muhuri mwisho wa mwezi ujao, na nikimwambia mkubwa wangu, Bwana Abdulrahim, kwamba safu yangu ina makosa, naogopa mkataba hautaongezwa. Nifanyeje, mama? Naona haya hata kupita mlangoni kwake.

Mumbe, Kombani

Marahaba, Mumbe mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikakuonea huruma, ya pili nikataka kukufinya sikio.

Kompyuta yako haikukosea kuhesabu. Wewe uliiuliza swali la bara, ambako mti ni wa mwenye shamba. Huku kwetu ardhi yaweza kuwa ya huyu na mnazi ulio juu yake ukawa wa yule, na hilo umeliona kwa macho yako tangu utotoni, kila Bi Mwanapili alipokuja kuangua. Ulijua, ukasahau, kwa kuwa ulikuwa na haraka ya kusifiwa. Baba yako naye hakusahau chochote, na anajua hivyo.

Sasa nisikilize. Kwanza nenda kwa huyo mama, kabla ya ofisi. Mwamkie, kaa chini, umwambie, "Nimekukosea," kisha unyamaze aseme yake yote. Mwombe mzunguke pamoja, mnazi kwa mnazi, na kila mmoja uandikie jina la mwenyewe. Hiyo safu yako iambie ihesabu kwa jina la mwenye mti, si kwa mpaka wa shamba. Orodha zote mbili, ya kwanza na hii mpya, mpelekee Abdulrahim mkononi. Akikunyima mkataba kwa kusema kweli, utaumia, sikufichi, lakini utatafuta kazi nyingine. Baba yako mweleze kwa heshima kwamba shamba lake halikupungua hata hatua moja.

Hayo ya kompyuta utayamaliza kwa siku mbili. Kubwa ni hili jingine. Huyo mama hakuacha kuja kwenu kwa sababu ya nazi. Alisimama mbele ya watu akasomewa sifuri, naye anajua orodha imetoka mikononi mwa mtoto aliyemlea. Kila siku unayopita mlangoni kwake ukiinamisha kichwa, anaamini ulikusudia. Usimtume mtu, wala usingoje ukuta wa chifu umwambie. Nenda wewe, kesho asubuhi, kabla ya kazi.