Sauti Chini ya Mvumo

Smolyan, 3 Novemba

Nevena mpenzi,

Hujambo mdogo wangu? Baridi ya huko Trieste inasemaje? Sisi wazima. Mama anakula vizuri, ila tangu wampasue koo ananong'ona tu.

Jumapili aliomba ile santuri aliyoimba redioni na wenzake. Nikaiweka. Ule mvumo sasa, kama friji imeketi ndani ya wimbo. Mama akaniashiria nizime. Sindano nimebadilisha, wapi. Wewe unayelipwa kushika nyaya za ukumbi wa michezo, sema basi.

Kaka yako,
Lyuben

Trieste, 14 Novemba

Kaka, shikamoo. Mimi mzima, mbusu Mama.

Sindano haina kosa, tatizo ni waya. Wako una uzi mmoja ndani, na wavu wa nje ndio unaorudisha sauti, kwa hiyo kila uchafu wa umeme unaoudaka unaingia kwenye wimbo. Ninaokutumia una nyuzi mbili ndani, na wavu kazi yake ni kukinga tu. Nyuzi hizo hubeba wimbo kinyume kwa kinyume, lakini kelele huziingia zote sawasawa. Amplifaya hutoa moja kwenye nyingine: kelele inajifuta, wimbo unabaki. Amplifaya inayoupokea imo kifurushini, na matundu ya pini tatu ya kulehemu nyuma ya gramafoni.

Na usinune.

Mdogo wako,
Nevena

Smolyan, 20 Desemba

Nevena,

Habari za kazi? Huku theluji imeziba mlango. Nilinuna, kisha nikalehemu.

Kulikuwa kimya hata nikadhani nimekata waya. Halafu ikapanda ile sauti ya juu, tunayowaambia wageni miaka yote kuwa ni Mama.

“Sikia ulivyokuwa unapaa,” nikamwambia.

Akatikisa kichwa. “Huyo mwenzangu Velika. Mimi niko chini.”

Nikainama. Chini kabisa, mahali ulipokuwa umekaa mvumo, mwanamke ameshika mlio mmoja, hatetereki, wala husikii anapovuta pumzi. Velika anarukaruka juu yake bila hofu, kama mtu aliye kwenye sakafu ya nyumba yao.

“Mbona hukusema, Mama?”

“Mlikuwa mnafurahi sana,” akanong'ona. “Rudisha.”

Tumerudia mpaka maharage yakapoa. Dada yangu, umefanya kazi.

Ukija kuisikiliza, usimfuate Velika, atakupoteza. Mwache aende zake. Yule asiyekwenda popote, ndiye Mama.

Kaka yako,
Lyuben