Maneno Yale Yalikuwa Yangu

Nyumbani,
Nyuma ya kituo cha mafuta,
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje tangu ulipoteleza kwenye ngazi? Mama anasema ulikande kwa maji ya moto, nami najua utacheka, maana kwa Mama hakuna ugonjwa usiosikia maji ya moto. Sisi huku wazima. Kikohozi cha Baba kimepungua. Mdogo wangu ameota meno mawili ya mbele, sasa anatabasamu hata akigombezwa.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka nianze na habari njema, na habari njema sina. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Ile kazi uliyoniombea kwa rafiki yako, pale kwenye kiwanda cha kufulia nguo, bado ninayo. Yeye hana tena. Alifukuzwa Alhamisi. Nakueleza ilivyokuwa kwa sababu najua naye atakuandikia, na atakayokuandikia hayatakuwa kweli.

Rafiki yako unamjua kwa sauti yake. Kazini walimwita Kinanda. Mimi waliniita Redio, kwa dhihaka, maana hata "asante" yangu hutoka nusu. Fundi wa pasi hakupita na kapu lake bila kuniuliza, "Redio, leo betri zimeisha tena?" Wote wanacheka, nami nacheka huku nikiangalia chini.

Kazi yetu mimi na yeye ilikuwa kukunja mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Kila mmoja anashika ncha mbili, mnalivuta, mnalikung'uta, kisha mnaendeana mpaka mnakutana, mmoja anampa mwenziwe ncha zake. Shangazi, miaka yote ya shule sikuwahi kuzungumza kama nilivyozungumza pale. Katika uchaguzi huu unaokuja, yeye anamtaka mgombea mpya. Mimi, na hili Baba hajui, kura yangu ya kwanza nilitaka kumpa huyu aliyepo madarakani, kwa sababu maji ya bomba yalifika shuleni kwetu wakati wake. Nilipomwambia, alisimama na shuka mkononi.

"Kumbe nalea mpinzani! Haya vuta ncha zako, mpinzani, shuka halina chama."

Tukabishana mpaka kapu likajaa. Fundi wa pasi, ambaye yuko upande wangu, akadakia kutoka kwenye mvuke, "Kinanda, huyo mtu wako hata shati limemshinda kunyoosha, ataweza kunyoosha nchi?"

"Na wako kalinyoosha mpaka kaliunguza!"

Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Hakuna aliyemnunia mwenzake, na kazi haikulala.

Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana, meneja alitukusanya. Alikuwa amebandika tangazo: siasa marufuku kazini, atakayetaja chama au mgombea ajihesabu hana kazi. Nyuma yake ukutani palikuwa na kalenda kubwa aliyoileta mwenyewe, yenye picha ya huyu mgombea wangu anapunga mkono. Na asubuhi ileile tulikuwa tumepiga pasi marobota ya fulana zenye sura hiyohiyo.

Akauliza kama kuna swali. Shuleni mwalimu akiuliza hivyo, anataka swali. Sikujua kwamba kazini sivyo. Nikanyoosha mkono.

"Samahani, na kalenda nayo tuitoe?"

Sikuwa namkejeli, Shangazi. Nilidhani sheria ni sheria. Nilikuwa nimeshaangalia kiti nitakachopanda ili niifikie.

Mashine zikaendelea kuzunguka. Mtu mmoja akacheka puani. Meneja hakunitazama mimi hata kidogo. Alimtazama rafiki yako.

"Umeona utume mtoto?"

Naye akanitupia jicho mara moja, akasema, "Ndiyo, nimemtuma mimi. Huyu hajui lolote." Akavua aproni yake, akaikunja vizuri, akaiweka mezani.

Nilisema hapana. Nilisema kwa sauti niliyo nayo, na sauti niliyo nayo unaijua. Kesho yake nikamfuata meneja ofisini nikamwambia maneno yale ni yangu, sikutumwa na mtu, na huyo wa kwenye kalenda mimi ndiye ninayemtaka. Alicheka kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma.

"Binti, wewe hata ukiniamkia husikiki, leo utakuwa na siasa? Nenda kafanye kazi. Nimekusamehe."

Amenisamehe, kwa kosa ambalo si kosa, baada ya kuliadhibu kwa mwingine.

Fundi wa pasi hanitanii tena. Macho yake yako kwenye pasi. Nimepewa mtu mpya wa kukunja naye, mashuka yetu yananyooka, na hatusemi neno. Kalenda ipo palepale.

Jana nilikwenda kwa rafiki yako. Nilimkuta mlangoni anamenya viazi. Alisema yeye ni mtu mzima, atapata pengine, na kama ningefukuzwa mimi angekuambia nini wewe? Nikamwambia basi ningefukuzwa kwa maneno yangu mwenyewe. Akanifuta shavu kwa mkono uliolowa maji ya viazi. "Nyamaza, mwanangu."

Meneja ananiambia ninyamaze kwa kunidharau, yeye kwa kunipenda, na mimi nimeshindwa kuona tofauti. Baba naye kasema kinywa ni jumba la maneno, basi nifunge mlango. Mama anasema nishukuru nina kazi. Wewe peke yako, siku ile unaondoka, uliniinamia sikioni ukaniambia nipaze sauti. Nimepaza, Shangazi. Imesikika kama ya mtu mwingine.

Nikiacha kazi kesho, watasema yeye ndiye aliyenituma niache. Nikibaki, watasema nimetubu. Kwa hiyo sikuombi ushauri. Naomba jambo moja tu: akikuandikia kwamba alinituma, usimwamini, wala usimshukuru kwa kunikinga. Mwambie anirudishie maneno yangu. Yalikuwa machache, na sikuwa na mengine.

Nisalimie Baba Mapacha, na mapacha wenyewe, na yule jirani yako mshona viatu uliyenisimulia. Bibi anakusalimu, anauliza utakuja lini.

Mungu akulinde huko uliko, na akupe watu wa kubishana nao wasiokununia.

Wako akupendaye, wala sikutumwa na mtu kuyaandika haya,

Binti wa kaka yako.