Pipa la Bluu la Mama Ngolo

Jumanne

Wewe utakayeokota daftari hili, nakusihi, usimsomee mtu hata neno moja.

Kiwandani tunasafisha dhahabu. Pipa la kemikali ya sumu likiisha linatakiwa litobolewe ili mtu asiliwekee maji, kisha niliandike kwenye rejesta ya taka. Miezi yote hii nimeandika "limetobolewa" bila kwenda kutazama. Mapipa stoo yakapungua, meneja akanisifu.

Leo nimetoka zamu ya siku tatu, nikakuta pipa letu la bluu uani, hapa Ilembo. Mama Ngolo, mwenye nyumba wangu, alikuwa anachota maji ya kupikia.

"Mlinzi wenu kanigawia," alisema. "Zuri, eeh? Halivuji."

Nikachukua nyundo na msumari, nikalitoboa mbele yake.

"We mtoto, umechanganyikiwa? Maji yangu!"

Ndipo nikasema yote. Aliwatazama wajukuu wake. "Tumeyanywa tangu Jumapili."

Tumetoka zahanati. Tumeambiwa tuwaangalie watoto, basi. Sisikii hofu wala aibu, sisikii kitu. Kesho nitamwambia meneja kwamba rejesta ni ya uongo. Mapipa mengine sijui yako kwa nani...

Ukinihitaji, usiniulizie kiwandani. Uliza Ilembo, nyumba yenye pipa lililotobolewa.