Senene Aliowala Owen

Tumba, Stockholm
14 Januari

Kaka Damian,

Shikamoo. Natumaini goti lako limeacha kulalamika, na wifi na watoto hawajambo. Sisi huku wazima, ila theluji imetufungia ndani, na binti yangu Anitha nikimsalimu kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake.

Jana nilikwenda Flemingsberg, hospitali ile ile uliyokaa kwa saa nne umeunganishwa na mashine mikono yote miwili, huku ukibishana na wauguzi kuhusu supu yao. Ulikuwa uchunguzi wa mwaka wa kumi. Daktari wangu, Elise, alisoma majibu polepole, kisha akasema saratani haionekani popote, na damu yote inayozunguka mwilini mwangu ni yako. Hata kundi la damu ni lako. Nililia, kaka, wala sikuona haya. Mfuko mmoja mdogo wa seli shina zako, hizo mbegu za damu, umenitunza miaka kumi! Nawastaajabia madaktari, lakini wewe nakustaajabia zaidi, maana sindano unaziogopa tangu utoto, nawe ulichomwa siku tano mfululizo kwa ajili yangu.

Sasa nije kwenye lililonikalisha mezani. Umeniandikia kwamba binti wa jirani yetu Clement ana saratani kama yangu, kwamba dada yake mkubwa ndiye atakayemtolea seli, na kwamba umewaambia wasihofu kitu, kwani mdogo wako alitoka hospitali na kurudi kazini kama hakuugua. Uliyasema hayo kwa kuwa mimi ndiye niliyekuambia. Sikukuambia kweli.

Miaka minne ya mwanzo damu yako ilinipiga vita. Ngozi ilikakamaa, macho yakakauka, kinywa kikajaa vidonda hata uji ukawa unanichoma. Dawa zikanivimbisha uso. Wale senene, panzi wetu wa kukaanga, uliokuwa ukinitumia kila Desemba, nami nikakusifia utamu wao, miaka hiyo sikuonja hata mmoja. Aliyewala ni Owen, Mganda wa ghorofa ya juu, na ndiyo maana hadi leo anakuombea kanisani.

Nilificha kwa sababu ulipokuwa unaondoka, pale uwanja wa ndege, uliniambia kwa mzaha, "Mimi mgomvi, Dafrosa. Damu yangu isije ikakugombeza." Ningekuandikia kwamba imenigombeza, usingetania tena maishani. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua, na safari hii kilio kingekuwa cha nyumba ya Clement.

Elise amenieleza kwamba ugomvi huo huo ndio uliosaidia kuwinda mabaki ya saratani. Kwangu ulizidi, wakautuliza kwa dawa. Leo ni macho tu yanayotaka matone. Wapo ambao ugomvi huo huwazidi nguvu, na wapo ambao saratani huwarudia. Waambie yote, kaka, mazuri na magumu. Na yule dada mtu umwite pembeni kabla hajatoa chochote, umwambie kwamba mdogo wake akiumia, halitakuwa kosa lake. Hayo ndiyo niliyopaswa kukuambia wewe miaka kumi iliyopita.

Nisalimie wifi, nipigie watoto busu moja moja. Senene wa safari hii wamefika. Nimewala wote peke yangu, na Owen amenuna.

Mdogo wako, mwenye damu yako,
Dafrosa